Prosesa 8 lakini Task Manager inasema 13% tu, nani anadanganya?

mpigapicha_jinja:
Wakuu habari zenu, niko huku Jinja napiga picha za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho), sasa nina skripti ya Python inapunguza saizi ya picha kabla sijamtumia mteja, ni picha kama elfu 2 hivi. Kwenye laptop yangu ya Windows Task Manager inaonyesha inakula 13% tu ya prosesa ila kazi inafika usiku wa manane, nikaihamishia kwa mashine ya mdogo wangu yenye Linux, top (programu ya kuonyesha matumizi ya prosesa) inasema 100% na mwendo ni uleule! Zote kori 4 thredi 8, yaani mfumo unaona prosesa 8. Jamaa wa dukani anasema prosesa yangu imechoka ninunue laptop nyingine.

bwana_seva:
Hakuna anayedanganya kaka, labda huyo wa dukani. Windows inahesabu prosesa zote 8 kwa pamoja ndo mia, kwa hiyo moja ikijaa kabisa ni mia gawa kwa 8, 12.5, ndo hiyo 13 yako. Kwa top kila prosesa ina mia yake, siku ukiona 640% usishtuke. Ndani ya top bonyeza 1 utaziona moja moja, Shift na I inageuza hesabu iwe kama ya Windows. Hiyo pesa kanunue lenzi.

dada_wa_terminali:
Niongeze kidogo, hizo 8 si 8 za kweli, thredi mbili zinagawana kori moja, so ikifika 50% usidhani bado una nusu nzima ya nguvu, mara nyingi kilichobaki ni kidogo. Mi kwenye Linux natumia amri ya mpstat -P ALL 1, inaonyesha kila prosesa, inakuja na kifurushi cha sysstat, angalia pia %iowait, ikiwa juu basi prosesa inangoja diski. Amri ya ps achana nayo kwa hili, %CPU yake ni wastani tangu programu ianze.

mpigapicha_jinja:
Banange! Nimebonyeza 1, moja iko 99.7, saba zimelala. Nafanyaje zisaidiane?

bwana_seva:
Gawa picha kwa folda 4, fungua terminali 4, kila moja na folda yake. Baadaye jifunze multiprocessing, moduli ya Python ya kugawa kazi kwa prosesa nyingi.

mpigapicha_jinja:
Nimerudi kwa laptop yangu nikafanya hivyo, imepanda 52%, feni inavuma mpaka mama kauliza kuna nini huko chumbani. Zimeisha kabla umeme haujakatika.