Naomba ushauri: gari ya siti mbili ya paa la kufunua, naweza kuiendesha kila siku bila kujuta?

Kijani_Kibichi (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Naenda moja kwa moja. Baada ya kutafuta miezi mitano nimepata Mazda MX-5 ya 2001, kile kizazi cha pili, injini ya 1.8, gia za mkono, paa la turubai jeusi. Imetembea kilomita 138,000. Niliijaribu dakika ishirini tu, na toka siku hiyo nikikaa kwenye sedani yangu najiona kama nimekaa sebuleni kwa shemeji.

Sitaki iwe pambo la Jumapili. Nataka niuze sedani, hii ndiyo iwe gari ya kila siku. Kazini ni kilomita 22 kwenda na 22 kurudi, nusu barabara kuu, nusu foleni. Usiku italala nje, pa kupaki ninapo lakini hapana paa. Nina mtoto mmoja wa miaka minne. Mke wangu ana gari yake ya siti tano.

Nilipomwonyesha mama mtoto picha alisema neno moja: "Mvua." Akaendelea na shughuli zake.

Sasa naomba mniambie ukweli. Turubai linavuja? Wezi je, si wanachana tu na kisu? Kelele za barabara kuu zinavumilika? Na humu kuna mtu anayeiendesha kweli siku zote, au wote mnazisifia kwenye picha? Msinionee huruma.

Mzee_wa_Otomatiki

Nusu ya kilomita 44 kwenye foleni, na klachi? Mguu wa kushoto utaomba likizo bila malipo.

Siti_Mbili

Mkuu, mimi nina mwaka wa tisa na gari ya aina hiyo, na sina nyingine. Nakujibu kwa kilichonikuta.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha usiku kucha. Asubuhi ndani pakavu kabisa, nikajisifu. Nilipofika mzunguko wa kwanza nikakanyaga breki, nikasikia *chwaaa*, kama mtu kainamisha ndoo. Nikaachia breki, *chwaaa* ikarudi nyuma. Nikasimama pembeni nikaangalia buti, hamna kitu. Nimetembea wiki nzima na hiyo sauti kabla ya kuelewa kwamba maji yamo ndani ya bodi yenyewe, kwenye kile kizingiti kirefu chini ya mlango.

Wengi hawalijui hili. Turubai likiwa zima halivujishi. Maji yakishuka nyuma ya paa yanaingia kwenye mfereji uliojificha nyuma ya siti, kisha yanatoka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, na kumwagika chini ya gari mbele ya tairi za nyuma. Sasa gari inayolala nje inakusanya majani, vumbi na maua ya miti. Vikikutana na maji vinakuwa tope, mrija unaziba, mfereji unajaa, maji yanatafuta njia yake. Yataingia kwenye kapeti nyuma ya siti au kwenye kizingiti. Ukiona kutu ya MX-5 za vizazi viwili vya kwanza, nyingi imeanzia hapo: mwisho wa kizingiti, karibu kabisa na tairi ya nyuma.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela nenda na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Fungua paa nusu, ulione tundu la kila upande nyuma ya siti, mwaga taratibu huku mwenzako kachuchumaa pembeni anaangalia chini. Maji yatoke hapohapo. Yakichelewa, au yakija matone matone, umepata jibu. Kuzibua usitumie waya wala spoku, utatoboa mrija na hapo ndipo utajua kulia. Mimi natumia uzi mnene wa plastiki, ule wa mashine ya kufyekea nyasi. Kila mwezi mara moja, dakika tano.

Mengine ya paa ni madogo. Usiliingize kwenye mashine za kuosha zenye brashi, usilikunje likiwa bichi ukaliacha hivyo siku mbili maana litaota ukungu, na raba za milango zipake grisi ya silikoni. Kizazi hicho kina kioo halisi nyuma, siyo plastiki kama kile cha kwanza, hivyo umeshapona kero moja.

Kijani_Kibichi

Siti_Mbili, hii chupa ya maji sijawahi kuiona popote. Asante sana. Naenda Jumamosi.

Jicho_la_Usiku

La wezi naomba nilijibu mimi maana nina shahada.

Paa langu lilichanwa usiku kwa sababu ya mfuko wa plastiki niliousahau kwenye siti. Ndani ya mfuko kulikuwa na viatu vya mazoezi. Asubuhi nimekuta turubai limefunguliwa kama bahasha, na viatu vimepangwa vizuri juu ya boneti. Walivikagua wakaona havifai.

Tangu hapo kanuni yangu ni siti tupu. Hata waya wa chaji hauonekani. Kisanduku cha vitu vidogo nakiacha wazi ili anayechungulia aone hamna kitu. Wapo wenye hizi gari wanaoacha hata milango bila loki, mwizi afungue, atazame, aende zake, kwa kuwa turubai jipya ni ghali kuliko chochote atakachokuta ndani. Ila soma mkataba wako wa bima kwanza. Zipo bima ambazo gari isipofungwa hawakulipi.

Twiga_Mdogo

Una urefu gani mkuu? Mimi nina mita 1.88 na niliipenda sana hiyo gari mpaka nilipofunga paa. Ikiwa wazi kila mtu anaenea. Ikifungwa, nywele zinasugua turubai na macho yanagonga ukingo wa juu wa kioo cha mbele, kuona taa za barabarani lazima uiname kama unasalimia wakwe. Na usukani wa kizazi hicho haupandi wala haushuki, umekaa ulivyo. Kaa humo paa likiwa limefungwa, umevaa viatu vyako vya kazini, nusu saa nzima. Siyo dakika ishirini za mapenzi.

Kijani_Kibichi

Mita 1.71. Kwa mara ya kwanza maishani ufupi umenilipa.

Mama_Gia

Mbona wote mmeruka mtoto?

Kaka, gari ya mkeo ikiwa kwa fundi siku tatu, mtoto anaendaje shule? Na siku mko watatu mna safari ya ghafla, usiku, mtoto ana homa? Siti mbili ni mbili.

Hata mkiwa wewe na yeye tu, atakaa mbele, ambako kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga. Kiti cha mtoto kinachoangalia nyuma hakiwekwi kabisa mbele ya eabegi inayofanya kazi, hiyo inaua. Wako ana miaka minne, huenda anatumia kinachoangalia mbele, basi siti isogezwe nyuma mpaka mwisho, na uangalie kama gari hiyo ina swichi ya kuzima eabegi ya abiria. Baadhi zinayo, nyingine hazina. Soma pia sheria ya unakoishi inasemaje kuhusu mtoto kukaa mbele.

Mimi binafsi nilikuwa na siti mbili nikiwa sina mtoto, nikaja kuirudia mwanangu alipofika kidato cha kwanza. Hapo katikati niliendesha boksi la bati kama watu wengine, na sikufa.

Kijani_Kibichi

Dada umenishika pabaya. Siku ya gari ya mama mtoto kuwa gereji sikuiwaza hata kidogo. Labda hii sedani isiuzwe kwanza.

Bati_Juu

Kwa nini usichukue ya paa la chuma linalojikunja? Mercedes SLK walilileta hilo toka 1996, na hata MX-5 ya kizazi cha tatu kuanzia 2006 ipo ya paa gumu, unabonyeza, sekunde kumi na mbili limeingia nyuma na buti halipungui. Kelele kidogo, mwizi na kisu chake anarudi nyumbani. Turubai ni ushamba.

Siti_Mbili

Bati_Juu, mimi sibishani na paa la chuma, nabishana na umri wake. Gari ya miaka kumi na tano yenye mota, mabawaba na sensa juu ya kichwa chako, sensa moja ikidanganya paa zima linagoma. Rafiki yangu paa lake liligoma likiwa limesimama wima, nusu wazi nusu limefungwa, mvua inakuja, tupo nje ya ukumbi wa harusi na suti zetu. Tulilishusha kwa mikono watu wanne tukiongozwa na kitabu cha gari kilichokuwa kimelowa. Hilo la mleta mada unafyatua ndoano mbili, unalitupa nyuma kwa mkono mmoja ukiwa umekaa. Sekunde tano ukizoea.

Akitaka ugumu, kipo kile kipaa kigumu cha kupachika kinachouzwa peke yake. Kina uzito wa kilo ishirini hivi, mnakiinua wawili. Ila ukikiacha nyumbani ndiyo umekiacha.

Kofia_Pana

Mnaongelea mvua tu. Adui wa kila siku ni jua.

Asubuhi na jioni paa wazi ni raha isiyo na mfano. Saa saba mchana kwenye foleni ni adhabu. Umekaa chini, bomba la moshi la lori liko usawa wa sikio lako, na jua linakupiga upande mmoja tu wa uso. Mimi nilikuwa na rangi mbili mwaka mzima. Kofia yenye kamba, mafuta ya kukinga jua, miwani. Na ukweli ambao hatusemi kwenye picha: ukiiendesha kila siku, paa litakuwa limefungwa siku nyingi kuliko wazi.

Barabara kuu, pandisha vioo vya pembeni na uweke kile kizuia upepo nyuma ya siti. Bila hicho upepo haukupigi usoni kama unavyodhani, unajizungusha nyuma na kukupiga kisogoni. Paa likifungwa, kwa kilomita 100 kwa saa utasikia kila tairi ya kila lori. Simu usipokee.

Kava la usiku linasaidia, lakini usiivike gari yenye vumbi. Unapiga msasa rangi yako mwenyewe.

Tairi_Nne

Kwa haraka. Hiyo gari ina tani moja na kidogo, inasukumwa na tairi za nyuma, na nyingi za miaka hiyo hazina mfumo wa kuzuia kuteleza. Kwenye lami iliyolowa tairi kongwe ndizo zitakazokuadhibu, hata kama kashata zinaonekana mpya, maana gari za starehe huzeesha tairi kwa kupaki. Soma tarakimu nne za mwisho pembeni ya tairi: 3518 maana yake wiki ya 35, mwaka 2018. Halafu uliza taimingi belti ilibadilishwa lini. Hiyo injini inatumia mkanda, siyo cheni, na kila kilomita laki moja unabadilishwa. Spea zisikutishe, zimetengenezwa zaidi ya milioni moja tangu 1989.

Kijani_Kibichi

Wakuu, mrejesho. Nimetoka kuiangalia.

Nilikwenda na chupa na mdogo wangu. Upande wa kulia maji yalitoka kabla sijamaliza kumwaga. Upande wa kushoto nikamwaga, mdogo wangu akasema "bado", nikamwaga tena, "bado", mpaka maji yakaanza kupanda juu ya tundu nikiyaona. Nikanyanyua kapeti nyuma ya siti ya kushoto. Limelowa, na lina harufu ya taulo lililosahaulika kwenye begi. Muuzaji akasema aliiosha juzi.

Nikachuchumaa kwenye kile kizingiti, mwisho kabisa karibu na tairi. Rangi imevimba kidogo, sehemu tatu, kila moja kama punje ya dengu. Nikabonyeza moja kwa kidole gumba, ikaingia ndani. Taimingi belti hana kumbukumbu. Tairi ni za 2014.

Yuko tayari kushusha bei vizuri. Nifanyeje?

Siti_Mbili

Imeingia ndani? Basi hicho ulichokiona ni mwisho wa safari ya kutu, imeanzia ndani ikaja nje. Na kwenye gari isiyo na paa vizingiti ndivyo vinavyobeba kazi ambayo paa lingebeba, siyo pambo. Ukiitaka kweli, ipandishwe juu na fundi bodi, narudia fundi bodi, siyo fundi injini, agonge huko chini asikilize. Akikuambia kukata na kuchomelea pande zote mbili, punguzo lote la huyo bwana linaishia hapo, na bado una tairi na mkanda.

Mama_Gia

Acha. Zipo nyingine.

Kijani_Kibichi

Nimemrudishia funguo. Imeniuma, siwafichi, ile rangi yake ya kijani ikipigwa na jua la jioni ni kitu kingine.

Sedani siuzi mwaka huu, itabaki ya mvua kubwa na ya siku za gari ya mama mtoto kuwa gereji. Nilimweleza yote jana usiku, pamoja na hesabu ya gari tatu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama siti ya dereva inasogea mbele vya kutosha mtu wa urefu wake kufika kwenye klachi. Sijui nilichukulieje.

Kuna ya 2003, kilomita 161,000, imelala ndani miaka yote na ina kile kipaa kigumu cha kupachika. Tunakwenda kuiona Jumapili, wote wawili. Chupa nimeshaijaza, iko mlangoni.