Friji ya inverta au hita ya maji ya jua: kipi kitapunguza yuniti zaidi?

Mjenzi_Mpya
Wakuu, salaam. Umeme unanimaliza. Nina akiba ya kutosha kitu kimoja tu: nibadilishe friji ya zamani nichukue ya inverta (ile ambayo mota yake hupunguza kasi badala ya kuwaka na kuzima), au nifunge hita ya jua paani. Friji imeandikwa wati 150. Nimezidisha kwa saa 24, kisha siku 30, nikapata yuniti 108 kwa mwezi! Naona mwizi ni huyo. Muuzaji amenishikia moja hadi mwisho wa wiki, nishaurini.

FundiSwichi
Mkuu, umeuliza nusu swali. Mko wangapi nyumbani? Maji mnapasha kwa tangi au kwa shawa ya papo kwa papo? Mita inasoma yuniti ngapi kwa mwezi? Bila hayo tunapiga ramli.
Halafu hiyo 108 haipo. Kompresa huwaka na kuzima. Friji yenye mpira mzima mlangoni mara nyingi hufanya kazi kama theluthi ya muda, kwa hiyo weka 36 hivi.

Hesabu_Kwanza
Hita ya jua, bila kusita. Lita moja ya maji kupanda nyuzi moja hula kilojuli 4.2. Lita 50 kupanda nyuzi 30 ni kilojuli 6,300, na yuniti moja ni kilojuli 3,600. Hiyo ni 1.75 kila siku, zaidi ya 52 kwa mwezi. Friji mpya hata ikikata nusu ya zile 36, umeokoa 18.

Bi_Tausi
Kaka, usilipe kwanza, nisikilize. Mimi nilipiga hesabu kama yako, nikanunua friji mpya. Mwezi wa kwanza mita haikushuka. Nikabadilisha balbu zote, wati 60 kwa wati 9. Yuniti zikapungua kidogo, lakini nilichotarajia sikukiona. Tukaanza kulaumiana ndani, watoto wakakatazwa kuchomeka chochote, mume wangu akasema mita ni mbovu.
Siku moja fundi akaniambia nizime swichi za ubaoni moja moja huku nikiitazama mita. Nilipozima ya tangi la maji, ikatulia. Kumbe vali ya usalama ya tangi ilikuwa inavuja, na bomba lake linatokea nyuma ya nyumba pasipopita mtu. Tukakinga ndoo: lita moja kila robo saa. Ni lita 96 za maji ya moto kwa siku, zinamwagika kwenye majani! Kwa hesabu ya mwenzetu hapo juu ni zaidi ya yuniti 3 kila siku. Vali ilibadilishwa kwa dakika chache. Friji ya zamani nilikuwa nimeshaigawa, na ilikuwa nzima.

Kaka_Mkubwa
Pole dada. Ila tangi likiwa zima msilizimezime. Kulipasha upya kutoka baridi kunakula zaidi kuliko kuliacha.

Hesabu_Kwanza
Hapana, kaka. Tangi hupoteza joto kulingana na lilivyo moto kuliko hewa inayolizunguka. Likipoa, linapoteza kidogo. Ukizima saa nyingi lazima uokoe, japo kwa tangi lenye sponji nene tofauti ni ndogo.

Kaka_Mkubwa
Mimi nimeishi na tangi miaka 20, naongea nilichokiona kwangu.

Hesabu_Kwanza
Ulisoma mita kwa wiki mbili za namna zote mbili? Kama hukusoma, hukukiona.

Mjenzi_Mpya
Samahanini, nimechelewa. Tuko sita, tangi ni la lita 80, halizimwi. Jana nimesoma mita saa nne usiku na tena saa kumi na mbili alfajiri. Yuniti 3, na sote tulikuwa tumelala! Vilivyokuwa vimewaka ni friji na tangi tu.

FundiSwichi
Friji kwa saa 8 haifiki hata nusu yuniti. Leo zima swichi ya tangi peke yake, usome saa zilezile. Na kazungukie lile bomba la vali.

Bi_Tausi
Nenda na tochi usiku huuhuu, kaka.

Neema_K
Naomba kuuliza hapahapa: shawa ya papo kwa papo ya wati 5,000, dakika 10 kila mtu, ni nafuu kuliko tangi? Nyumbani tuko wawili tu.

Kaka_Mkubwa
Tangi.

Hesabu_Kwanza
Neema, hiyo ni yuniti 0.83 kwa kila mmoja. Kwa wawili mimi ningebaki na shawa. Waya zenu ni nene kiasi gani?