Kampuni ya filamu imechukua hela ya video yangu kwa sababu nimeikosoa, halafu inasingizia hakimiliki

Wakuu, heshima kwenu. Nimejitahidi kunyamaza nimeshindwa, kwa hiyo mtanivumilia, uzi utakuwa mrefu.

Nina chaneli ndogo YouTube, naiendeshea hapa Mtwara mjini. Nachambua filamu zetu za Kibongo, na hasa naangalia watu wa Kusini tunavyowekwa humo ndani. Mnajua wenyewe. Akitakiwa mlinzi wa getini asiyejua kusoma, basi huyo ni Mmakonde. Akitakiwa dada wa kazi wa kuchekwa, katolewa Lindi au Masasi. Mkulima wa Tandahimba anayesomesha watoto mpaka chuo kwa hela ya korosho, mimi bado sijamwona kwenye filamu.

Mwezi uliopita nikapandisha video kuhusu filamu moja ambayo sitaitaja hapa. Kuna kipande mlinzi anaingia sebuleni kumwambia bosi wake, "Bosi, kuna ntu nje anakuulizia." Bosi anamuuliza, "Ntu ndo nini?" Mlinzi anarudia. Wageni wanaangua kicheko. Kamera inamsogelea usoni mpaka anainamisha macho, na muda wote huo wamemwekea kinanda cha vichekesho. Nilichukua sekunde 22 za hapo. Nikawa nasimamisha picha, naeleza kamera imefanya nini, kinanda kimewekwa cha nini, na kwa nini mtu aliyetokea mwanzo mpaka mwisho wa filamu ameandikwa "Mlinzi" tu, hana hata jina. Video yangu ni dakika 14 na sauti inayosikika ni yangu. Jina la filamu na la kampuni nimelitaja mwanzoni na nimeliandika tena kwenye maelezo chini ya video.

Wiki haijaisha, dai la hakimiliki hilo hapo. Matangazo yanaendelea kupita kwenye video yangu ila hela inakwenda kwao. Bando nimenunua mimi, usiku nimekesha mimi nahariri, anayelipwa ni yule niliyemkosoa.

Nikawatafuta kistaarabu. Kijana wao akanijibu WhatsApp: "Kaka, ile sehemu unayosema tunawadhalilisha watu wa Kusini ukiitoa, na sisi tunaondoa dai."

Wakuu, isomeni tena hiyo. Hakusema nipunguze sekunde wala nitoe picha zao. Wanachotaka kitoke ni maneno YANGU. Zile sekunde zao 22 zingebaki palepale na wasingekuwa na tatizo nazo. Sasa hapo hakimiliki imeingiaje?

Na filamu yenyewe ipo YouTube nzima, kuna mtu kaikata vipande, kageuza picha kushoto kulia na kaiharibu sauti kidogo ili mashine isiitambue. Ipo mpaka leo. Vibanda vya kurusha muvi kwenye flashi navyo wanayo, unalipa unaondoka nayo. Hao ndio wanaomnyima msanii hela yake, na mimi niko upande wa msanii siku zote. Aliyetazama uchambuzi wangu hajaiona filamu. Akitaka kuiona itabidi aitafute.

Naona tayari wapo wanaotaka kuniandikia "si umetumia kazi ya mtu bila ruhusa". Chukueni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, someni kifungu cha 12. Kunukuu kazi ambayo imeshatolewa kwa umma kihalali kunaruhusiwa bila kuomba na bila kulipa, ilimradi umtaje mwenye kazi na ulikoitoa, nukuu iwe ya haki, na isizidi mahitaji ya kile unachokifanya. Mkataba wa Berne nao, ule wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania imo tangu 1994, una ruhusa hiyohiyo ya kunukuu. Sheria haikutaja sekunde. Habari ya "chini ya sekunde kumi hawakushiki" mnadanganyana, na yale maandishi ya "sina nia ya kuvunja hakimiliki" hayamkingi mtu na chochote. Kinachoangaliwa ni umechukua kiasi gani na umekifanyia nini. Mimi siwezi kumweleza mtu lafudhi ya babu yake imekejeliwa vipi bila kumsikilizisha kejeli yenyewe!

Tena kwa kuwa YouTube ni ya Marekani, hata huko kwao mambo hayako kama wanavyotaka hawa. Sheria yao ya 1976, kifungu cha 107, inaangalia lengo la matumizi, aina ya kazi iliyotumika, kiasi kilichochukuliwa na athari kwenye soko la kazi hiyo. Ukosoaji umetajwa humo kwa jina. Mwaka 2017 mahakama ya New York iliwapa ushindi Ethan na Hila Klein, mke na mume waliochukua zaidi ya dakika tatu za video ya mwenzao yenye dakika tano na kitu, wakawa wanaisimamisha na kuikosoa. Mimi nina sekunde 22 za filamu ya saa nzima na zaidi. Ila kwenye hukumu hiyohiyo jaji alisema zipo video za aina hiyo ambazo hazina tofauti na watu kukaa pamoja kutazama, hakuna uchambuzi. Hilo liwafikie wale wanaoweka uso kwenye kona ya skrini, wanacheka filamu nzima, halafu wanajiita wachambuzi. Mnatuharibia.

Na kuna ile ya mama mmoja wa Marekani, Stephanie Lenz, aliyeondolewa video ya mtoto wake akicheza jikoni huku wimbo wa Prince unasikika kwa nyuma. Video ya sekunde 29! Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema mwenye haki anatakiwa afikirie kwanza kama matumizi ni ya haki kabla hajaomba video iondolewe. Kampuni yangu hii imefikiria saa ngapi? Mashine ya Content ID, ule mfumo wa YouTube unaotambua wenyewe kazi zilizosajiliwa, imefananisha picha, wao wakapokea hela.

Njia ya kupinga ipo, na hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa. Unapinga dai, anayesoma pingamizi lako ni huyohuyo aliyedai, na ana siku 30. Akikataa unakata rufaa, anaisoma yeye tena, siku 7. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Akiamua kukukomoa anaomba video iondolewe kabisa, unapigwa straiki, yaani onyo la hakimiliki, na straiki tatu ndani ya siku 90 chaneli inafungwa. Umebakiwa na fomu ya mwisho ya kujibu. Kwenye fomu hiyo unaandika jina lako kamili na anwani, zinakwenda kwa kampuni, na kwa kuwa hauko Marekani unakubali kwamba unaweza kushtakiwa kule California ilipo YouTube. Filamu imepigwa Dar, aliyeikosoa yuko Mtwara, wanaochekwa ni wa Newala, halafu mahakama California. Nani kati yetu ana nauli ya hiyo kesi? Wanalijua hilo ndiyo maana wanajiamini.

Kuna dogo wa Lindi yeye alirekodi ngoma kwa simu yake, kwenye sherehe ya kwao kabisa. Akapata dai kutoka kwa mtu aliyechukua mdundo uleule wa ngoma, akautia kwenye wimbo wake na kuusajili kana kwamba ni wake peke yake. Wakati masharti ya Content ID yanataka usajili kitu ambacho haki zake unazo wewe tu. Dogo kaifuta video kwa woga.

Mimi sifuti. Ninachotaka kwa hiyo kampuni ni dai liondoke na hela ya muda wote huo irudi. Kwa COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki hapa nchini, ninachoomba ni mwongozo wa Kiswahili kuhusu kunukuu kwenye video za uchambuzi, wenye mifano, ili mtu wa Dar na mtu wa Mtwara wamalizane hapahapa nchini. Na wakuu, kama kuna mwanasheria humu, au mtu aliyewahi kujaza ile fomu ya mwisho, naomba aseme ilimwendeaje. Pingamizi nimeshatuma, jibu bado.