Wasifu wangu wa mtandaoni unafunguliwa lakini hakuna mwajiri anayeniandikia: nirekebishe wapi?

Swali, kutoka kwa Mtunza Stoo

Ndugu zangu, natumaini hamjambo. Nimefanya kazi ya kutunza stoo ya vipuri kwa miaka sita, na tangu kampuni niliyokuwa nikiitumikia ilipofunga tawi letu miezi saba iliyopita sijapata kazi nyingine. Nina wasifu kwenye LinkedIn, mtandao unaowakutanisha wafanyakazi na waajiri, wenye picha, shule nilizosoma na mahali nilipofanya kazi. Chini ya jina langu nimeandika: "Mchapakazi, mwaminifu, natafuta fursa mpya." Katika maelezo ya kazi nimeandika: "Nilihusika na shughuli zote za stoo." Kila wiki naona watu wanne au watano wamefungua ukurasa wangu, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia. Naomba mnieleze bila kunionea haya, ni kitu gani kinachowafanya waondoke kimya kimya?

Jibu la 1, kutoka kwa Ofisa Ajira

Ndugu Mtunza Stoo, pole kwa miezi hiyo saba. Kazi yangu ni kutafuta watu wa kuajiriwa, kwa hiyo nitakueleza ninavyokuona mimi. Ninapohitaji mtu wa stoo, naandika jina la kazi katika kisanduku cha kutafutia, naongeza ujuzi mmoja au miwili, na mtandao unaniletea orodha ndefu ambayo kwa kila mtu inaonyesha picha ndogo, jina na ule mstari wa chini ya jina. Sijawahi hata siku moja kutafuta neno "mchapakazi". Mstari huo unapokea herufi 220, lakini kwenye orodha huonekana mwanzo wake tu, na ndiyo maana jina la kazi lazima litangulie.

Kusanya matangazo kumi ya kazi unayoitaka, uyasome ukiwa na kalamu mkononi, upigie mstari maneno yanayojirudia. Wengine husema mtunza stoo, wengine mtunza ghala, wengine ofisa bohari. Yale yanayoeleza kazi unayoiweza kweli yaingize katika wasifu wako kama yalivyo, kwa sababu mwajiri atakutafuta kwa maneno yake, si kwa yako.

Sasa nije kwenye kile ninachoamini ndicho kinachowafukuza wageni wako. "Nilihusika na shughuli zote za stoo" ni sentensi ambayo hata aliyekaa stoo siku mbili anaweza kuiandika. Stoo yako ilikuwa na aina ngapi za vipuri? Mzigo ulipofika, ulikagua nini kabla ya kusaini? Leja na rafu zilipotofautiana, ulifanyaje? Mtu akiandika, "Nilitunza aina 1,200 za vipuri, nikilinganisha kila mzigo na oda kabla ya kuupokea, na nikaanzisha utaratibu wa kuhesabu rafu moja kila siku badala ya kusubiri mwisho wa mwaka," mimi nasimama hapo hapo na kumpigia simu. Namba ziwe zako mwenyewe, maana kwenye usaili nitakuuliza ulizipataje.

Sehemu ya kujieleza ina nafasi ya herufi 2,600, ila msomaji huona mistari michache ya mwanzo mpaka abonyeze ili kufungua iliyobaki. Usiipoteze mistari hiyo kwa salamu.

Jibu la 2, kutoka kwa Mhasibu Mstaafu

Naunga mkono yote, na naongeza la ushuhuda. Mwombe msimamizi wako wa zamani akuandikie maneno machache kwenye ukurasa wako, lakini usimwambie tu "naomba unisifie", kwa kuwa ataandika sifa zile zile ambazo kila mtu huandikiwa. Mkumbushe jambo moja mlilolifanya pamoja, naye atalieleza kwa maneno yake. Ukitaka kuonyesha unavyopanga leja, tengeneza mfano wenye bidhaa za kubuni, kwa sababu nyaraka halisi za mwajiri wako wa zamani si mali yako, na mwajiri mpya akiziona atajiuliza za kwake utazianika wapi.

Jibu la 3, kutoka kwa Msomaji wa Siku Zote

LinkedIn inakuruhusu kutangaza kwamba unatafuta kazi kwa njia mbili: watu wote waone, ambapo picha yako inazungushiwa utepe wa kijani, au waone wanaoajiri pekee. Wapo wanaosema utepe huo unamshusha mtu hadhi. Mimi sikubaliani nao kwa hali yako, kwa kuwa huna bosi wa kumficha. Aliye kazini ndiye achague njia ya pili, na hata hapo mtandao wenyewe hautoi hakikisho kamili kwamba mwajiri wake hatajua.

Tafadhali usiweke namba ya kitambulisho wala tarehe ya kuzaliwa, na yeyote atakayekuandikia akidai ada ili akupe kazi ni tapeli.

Mtunza Stoo anajibu

Ndugu zangu, nashukuru sana. Jana usiku nilikaa na daftari langu la zamani, nikahesabu: aina 870 za vipuri, na mizigo isiyopungua mitatu kwa wiki. Miaka yote sita sikuwahi kuliandika hilo popote. Mstari wangu sasa unasomeka: "Mtunza stoo na ghala | vipuri vya magari | upokeaji wa mizigo, leja na hesabu ya rafu | miaka 6." Msimamizi wangu wa zamani nimemkumbusha ile wiki tuliyogundua kwamba katoni 14 za vichujio zilipokelewa mara mbili kwenye leja, akacheka, akasema ataiandika yeye mwenyewe Jumamosi.