Nyumba Malindi: kiwanda cha ndani (uwanja wa wazi katikati ya nyumba) au veranda na bustani? Nisaidieni kabla msingi haujafunguliwa

MwanaMaweni
Assalaam alaykum jamaa. Fundi anataka kufungua msingi baada ya Idi, na ramani mezani ziko mbili. Ya kwanza ni ya kizamani: daka, yaani kipenu cha mlangoni, na baraza zake, unaingia tekani, kile chumba cha kupokelea mgeni, unapinda, ndipo unatokea kiwandani, na vyumba vyote vinatazama ndani. Ya pili nyumba inakaa katikati ya ploti, veranda pande tatu, bustani, ukuta wa nje. Mke wangu anataka akae kwake bila buibui. Mimi nataka watu wapate pa kukaa jioni, maana mlango wetu hauishi hodi. Miti tunataka sote. Ipi?

Kusi_na_Kaskazi
Ploti ukubwa gani? Iko wapi? Majirani wana ghorofa? Bajeti? Umeuliza kama mtu anayetaka bei ya samaki bila kusema samaki gani.

BiTekani
Na humo watakaa nani? Wewe na mkeo peke yenu, au na mama, na wakwe, na watoto wa ndugu wanaosoma mjini? Hilo ndilo linaloamua ramani.

MwanaMaweni
Haya, samahanini. Iko Muyeye, hapa hapa Malindi, futi hamsini kwa mia. Upande mmoja jirani ana nyumba ya chini, upande wa pili ploti tupu. Tutakaa na mama yangu. Bajeti niachieni mwenyewe.

Kusi_na_Kaskazi
Hiyo ploti tupu ndiyo ya kuogopa. Leo mbigili, kesho ghorofa nne za kukodisha.

Shaha_wa_Langoni
Kiwanda, bila mjadala. Kwetu Amu (Lamu) mji mzima uko hivyo: ukuta wa mawe nusu mita, msana, yaani ukumbi mrefu unaofunguka kiwandani, ndani kuna zidaka, vile vishubaka vya ukutani, joto la mchana linabaki nje. Hamna mpita njia anayejua uliomo. UNESCO hawakuuandika mji ule mwaka 2001 bure.

BiTekani
UNESCO hawafagii kiwanda, mwanangu. Mimi nimelelewa Mkomani, mtaa wa Amu, nafagia majani tangu sijaanza chuo.

MjengoPwani
Nitakupa kisa cha shemeji yangu, uamue mwenyewe. Alijenga hapa hapa Malindi nyumba ya kiwanda katikati. Nzuri wallahi: asumini pembeni, birika, matofali ya matundu kwenye msana, hata televisheni walikuwa hawawashi, jioni wote wako kiwandani. Wakwe wakija wanatandika mkeka wanalala hapo.

Kisha jirani akapandisha ghorofa. Alipofika ya tatu, madirisha ya ngazi yakawa yanatazama moja kwa moja kiwandani. Dada yangu anaanua nguo, mtu yuko juu anavuta sigara, anamtazama. Wakazungumza na mwenye ghorofa, akasema ataweka vioo vya giza. Hakuweka. Shemeji akatanda wavu wa kijani ule wa vitalu vya miche, upepo wa kusi ukauchana. Akaweka maturubai, nyumba ikawa giza. Mwisho akafunika kiwanda chote kwa bati za plastiki zinazopitisha mwanga. Hapo ndipo alipoua nyumba. Mwezi wa pili ukiingia mle ndani unatoka jasho kabla hujakaa. Asumini ilikauka.

Na bado. Fundi alikuwa amekishusha kiwanda ngazi mbili chini ya vyumba, ile mitindo ya magofu ya Gede, mji wa kale karibu na Malindi, lakini bomba la kutoa maji alilitia la inchi mbili. Masika ilipoingia, mwezi wa tano, majani yakaziba bomba usiku, maji yakapanda mpaka msanani. Walitoa magodoro kwa mkono, na mama mzee yuko kitandani anauliza kulikoni. Sasa wamejenga chumba cha mbao juu ya dari ili wapate hewa, na kiwanda wanaweka pikipiki.

Mimi kwenye ploti ya hamsini kwa mia siwezi kukushauri kiwanda. Veranda.

fundi_wa_chokaa
Kosa la bomba si kosa la kiwanda. Kiwanda cha wazi kitie njia mbili za maji, inchi nne kila moja, zenye kichujio unachoweza kukitoa kwa mkono, na sakafu ielekee huko. Hao Gede walishusha viwanda vyao na nyumba zao zilikaa na watu mamia ya miaka.

MjengoPwani
Gede hapakuwa na mtu wa ghorofa ya tatu anayevuta sigara.

fundi_wa_chokaa
Hilo nakupa.

Shaha_wa_Langoni
Ndiyo maana nasema ajenge yeye kwanza juu! Nyumba za Amu zina ghorofa mbili, tatu, na kiwanda kiko katikati yake. Anayemchungulia jirani ni yule aliye juu zaidi.

Kusi_na_Kaskazi
Kwa hiyo Muyeye yote ishindane kwenda mbinguni?

BiTekani
Nyinyi wanaume mmezungumza baraza, kiwanda, ghorofa. Jiko mmeliweka wapi? Zamani Amu jiko lilikuwa juu kabisa, chini ya makuti, moshi unatoka zake na mpishi anapata upepo. Kwenye ramani zenu mbili naona jiko limebanwa nyuma karibu na choo. Huyo mkeo anayetaka kukaa bila buibui, saa nyingi zaidi atakaa jikoni au verandani?

Tena mmesahau jambo. Faragha ya mwanamke si kufungiwa peke yake. Amu kulikuwa na wikio, chumba kinachovuka njia kwa juu kuunga nyumba na nyumba. Wanawake wanatembeleana bila kushuka mtaani. Wewe una jirani mwema mwenye nyumba ya chini: mtobolee mlango mdogo uani. Mama yako atapata wa kuzungumza naye, na mlango wa mbele uachie hao wageni wako wa jioni.

MwanaMaweni
Hili la mlango wa uani nimelipenda, Bi. Na mke wangu amesoma, anacheka, anasema nikuulize hilo jiko ungeliweka wapi.

BiTekani
Mashariki, lifungukie kiwandani au uani, liwe na baraza yake ya kukunia nazi. Na madirisha pande mbili.

Kusi_na_Kaskazi
Upepo: kaskazi inatoka kaskazini mashariki, Desemba mpaka Machi, ndio wakati wa joto. Kusi ikija inatoka kusini. Ukifunga pande hizo kwa ukuta mrefu wa futi nane kwa ajili ya faragha, veranda yako itakuwa ya kupikia mayai. Tumia matofali ya matundu kuanzia usawa wa kichwa. Mtu haoni ndani, upepo unapita.

Maalim_Barani
Msisahau kibla. Malindi kibla ni kaskazini, karibu nyoofu kabisa. Choo kisielekee kaskazini wala kukipa mgongo. Nimeona nyumba ya mamilioni ikavunjwa choo baada ya kuhamia. Mwambie fundi sasa, akaze vyoo mashariki na magharibi.

MwanaMaweni
Maalim, hilo halipo kwenye ramani hata moja. Ahsante sana.

PopoHataki
Kuhusu miti: usipande mwembe karibu na nyumba. Popo, inzi, kisha watoto wa mtaa na mawe.

Shaha_wa_Langoni
Mwembe ndio raha yenyewe. Watoto wa mtaa ndio hiyo jamii unayoitaka!

PopoHataki
Wewe vioo vyako vimevunjwa mara ngapi?

fundi_wa_chokaa
Mwarobaini mzuri kwa kivuli lakini uweke mbali na shimo la maji taka, mizizi yake inatafuta maji. Kiwandani panda kitu kidogo: asumini, mlangilangi ukiupogoa, mpera. Mkungu uweke nje barazani, kivuli chake kimetandaza, wazee watahamia hapo wenyewe.

BiTekani
Na birika ukiweka, tia visamaki. Zamani walitiwa kwenye mabirika ya vyoo, wanakula viluwiluwi vya mbu.

MjengoPwani
Mimi narudi pale pale: veranda, lakini mbele weka daka na kipindo kama tekani, mtu akibisha hodi mlango ukifunguliwa asione sebule. Unapata faida ya mbili.

Shaha_wa_Langoni
Tekani bila kiwanda nyuma yake ni ukumbi wa kuvulia viatu.

Kusi_na_Kaskazi
Kwa hamsini kwa mia kiwanda cha mita nne kwa nne kinaingia, kikiwa upande wa jirani mwenye nyumba ya chini. Upande wa ploti tupu weka makabati, choo, ngazi, ukuta usio na dirisha. Huyo wa baadaye akijenga ghorofa aone bati lako tu.

MjengoPwani
Na jirani wa nyumba ya chini akiuza?

Kusi_na_Kaskazi
Ndugu, hata wewe ukiuza.

MwanaMaweni
Mama anataka kiwanda, mke anataka veranda yenye mlango wa uani, mimi nataka kulala. Swali jingine: dari ya boriti, ile miti ya mikoko, bado mtu anaweza? Nimependa nilizoziona Shela, kule Amu.

fundi_wa_chokaa
Unaweza, ila boriti haivuki mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya Amu ni virefu na vyembamba. Ukitaka sebule pana utaishia zege na boriti za pambo chini yake. Na mikoko haikatwi ovyo. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji, bei ikaruka. Uliza muuzaji kibali kabla hujalipa. Na kuta ukipiga lipu, usikubali mchanga wa pwani. Chumvi itatoka, rangi inabanduka kabla ya mwaka.

Shaha_wa_Langoni
Chokaa basi, si saruji.

fundi_wa_chokaa
Kwa mawe ya zamani, naam, chokaa, saruji inafungia unyevu ndani. Kwa mawe ya kukata mapya, mwenye pesa achague. Chokaa nzuri ni ile iliyolowekwa miezi.

PopoHataki
Kuna mtu anajua bei ya boriti Malindi sasa hivi? Mimi naweka kibanda cha kuku tu.

MjengoPwani
Kuku na boriti! Tumia mazio, kaka, au hata pau, miti ya mikoko iliyo myembamba zaidi.

PopoHataki
Pau inaliwa na mchwa.

fundi_wa_chokaa
Mkoko haupendwi na mchwa hivyo. Ulichouziwa wewe pengine si mkoko.