Nimevunja keto harusini Tanga, kipimo kikasoma 10.9. Nimeshaupata ugonjwa wa mama?

BintiSahare

Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni mawazo yenu, tangu Jumamosi usingizi hauji vizuri.

Nina miaka 41, nafanya kazi Dodoma. Huu ni mwezi wa nne niko kwenye keto, ile lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo sana. Nilianza na kilo 94, wiki iliyopita mzani wangu ulisoma 83. Wanga nahesabu kweli kweli, sizidishi gramu 25 kwa siku. Chakula changu ni mayai, parachichi, samaki, nyama, mchicha wa nazi, basi. Presha imeshuka na magoti hayanisumbui tena nikipanda ngazi za ofisini.

Jumamosi mdogo wangu kaolewa kwetu Tanga. Niliweka nia ya kula nyama na kachumbari tu. Shangazi akanipakulia pilau kwa mkono wake, akakaa pembeni yangu ananitazama nile. Nikala. Nikishaanza, sikuweza kujizuia: mahamri mawili, soda, na kaimati za shira ambazo sikuzihesabu.

Haikupita saa moja moyo ukaanza kwenda mbio, macho yakawa mazito, nikatamani kulala palepale kwenye jamvi. Mama ana kisukari na ana mashine yake ya kupimia. Nikanawa harakaharaka, nikajitoboa kidole: sukari 10.9 (milimoli kwa lita). Sijawahi kuona namba hiyo kwangu. Asubuhi pete haitoki kidoleni, miguu imejaa, mzani wa mama unasema 85.4. Kilo mbili na zaidi kwa usiku mmoja!

Ninachouliza: ile 10.9 maana yake nimeshakuwa na kisukari? Miezi minne yote imekwenda na maji? Na mtu akivunja mara mojamoja, tuseme harusi na sikukuu, mwili unadhurika kweli au tunatishana? Desemba kaka yetu wa mwisho naye anaoa, nataka nijue mapema.

Halafu mama alivyoniona nimepungua naye kaanza, hii ni wiki ya pili hagusi ugali wala wali. Nimwambie nini asije akafanya kosa kama langu?

Chuma_Hakipindi

Pole dada, lakini keto haina likizo. Ukishaonja wanga umetoka, unaanza moja. Mimi nakushauri funga saa 48 kwa maji matupu uusafishe mwili, halafu rudi na msimamo. Shangazi hataishi na mwili wako, wewe ndiye utakayeishi nao.

FundiPampu

Mkuu hapo juu, msimamo wako nauheshimu, lakini hilo la kuanza moja si kweli, na mtu aliyetoka kuvimba miguu na moyo kwenda mbio usimpe saa 48 za maji matupu.

Dada, hizo kilo mbili si mafuta. Mwili una ghala la wanga linaitwa glaikojeni, liko kwenye ini na kwenye misuli. Kwa mtu mzima ni kama gramu 400 hadi 500 likijaa, na kila gramu inashika maji kama gramu tatu. Ukiwa keto ghala linapungua, maji yanatoka, ndiyo maana wiki ya kwanza wote tunafurahia mzani. Ukila pilau, ghala linajaa na maji yanarudi. Weka na chumvi ya shughuli, pete lazima ibane. Kilo moja ya mafuta ni takriban kalori 7,700 juu ya matumizi yako ya siku. Hukula hizo kwa jioni moja.

Tena umelinganisha mzani wa Dodoma na mzani wa Tanga. Subiri ufike kwako, upime siku ya nne au ya tano asubuhi kabla hujala.

Tabibu_wa_Zamu

BintiSahare, maswali yako nitayarudia. Naanza na mstari wako wa mwisho maana ndio ulionishtua. Mama anatumia dawa gani za sukari? Nataka jina lililoandikwa kwenye boksi. Mpigie sasa hivi, usingoje kesho.

BintiSahare

Nimempigia, mdogo wangu kamsomea. Glibenklamidi miligramu 5 asubuhi na jioni, na metformini. Mbona unanitisha tabibu? Mama anasema yuko salama, ila juzi alfajiri aliamka kanga yote imeloa jasho, mikono inatetemeka, akanywa chai akalala tena. Alidhani ni joto.

Tabibu_wa_Zamu

Dada, hilo halikuwa joto la Tanga. Hiyo ni sukari kushuka, na bahati yake chai ilikuwa na sukari.

Glibenklamidi inalikamua kongosho litoe insulini, mtu awe amekula wanga au hajala. Kiwango cha mama kilipangwa akiwa anakula ugali wake. Sasa ugali umeondoka, dawa imebaki palepale. Na dawa hii inakaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee, zaidi figo zikiwa zimechoka. Ndiyo maana inamkamata alfajiri.

Usiku huu: ale chakula chake cha jioni na wanga kidogo kama alivyozoea zamani. Apime kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 4, sukari vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, apime tena baada ya dakika 15, ikishapanda ale kitu. Mtu alale naye chumba kimoja. Akianza kuongea vitu visivyoeleweka au akawa haamki, asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kesho asubuhi aende kliniki yake na maboksi yote ya dawa, aseme wazi kwamba ameacha wanga. Dozi za kesho na kuendelea azipange daktari, si yeye wala wewe wala mimi huku.

Na wengine mnaosoma: walioko kwenye insulini ni vilevile. Walioko kwenye dapagliflozini au empagliflozini, nazo ni dawa za kisukari, wasianze keto kabisa bila daktari, maana ketoni (asidi zinazotokana na kuchoma mafuta) zinaweza kujaa mpaka damu ikawa na asidi huku mashine ya sukari ikionyesha namba nzuri. Dawa za presha nazo hupunguzwa mara nyingi uzito ukishuka. Ukisikia kizunguzungu kila ukisimama, nenda ukapimwe.

MzeeKisosora

Nathibitisha anayosema tabibu. Mimi niliacha wanga ghafla nikiwa na dawa hizohizo, hakuna aliyenieleza kitu. Siku ya tisa nilikuwa dukani kwangu nahesabu chenji ya mteja, namba zikawa hazikai kichwani. Shilingi elfu mbili niliihesabu mara nne. Mteja ndiye aliyeona midomo inatetemeka, akanifungulia soda. Nikipona nikaenda kliniki wakanibadilishia dawa. Binti, mwambie mama asidharau jasho la alfajiri.

Tabibu_wa_Zamu

Ahsante mzee wangu, shikamoo. Sasa 10.9.

Mtu akikaa wiki nyingi bila wanga, misuli inazoea kuchoma mafuta na kongosho nalo linapunguza kasi, maana halina kazi kubwa. Siku ukimwaga wanga mwingi kwa mpigo, misuli haiko tayari kuipokea sukari, inabaki kuzunguka kwenye damu muda mrefu kuliko kwa mtu anayekula wali kila siku. Ndiyo maana sisi maabara tukitaka kumpima mtu kwa kumnywesha glukosi gramu 75, tunamwambia kwanza ale wanga usiopungua gramu 150 kwa siku, siku tatu mfululizo. Akija moja kwa moja kutoka keto anaweza kuonekana mgonjwa na si mgonjwa.

Hebu piga hesabu ya ulichokula. Wali uliopikwa una kama gramu 28 za wanga kwa kila gramu 100, kwa hiyo sahani ya shughuli peke yake inakaribia gramu 100. Soda ya mililita 350 kama gramu 37. Mahamri na kaimati sijagusa. Mwili uliozoea gramu 25 kwa siku nzima umepewa za wiki moja kwa saa moja.

Halafu umesema ulinawa harakaharaka. Mabaki ya shira kwenye ncha ya kidole yanatosha kupandisha namba kwenye mashine. Kidole kioshwe kwa sabuni na kukaushwa.

Lakini mama yako ana kisukari, na wewe ulikuwa na kilo 94, kwa hiyo sikwambii upuuze. Nenda kapime sukari ya asubuhi kabla ya kula, na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c. Chini ya asilimia 5.7 ni kawaida, asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Kipimo hicho, pilau ya siku moja haiwezi kukibadilisha.

Kuhusu madhara ya kuvunja mara mojamoja: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwachukua vijana 9 wa kiume wenye afya, wakawalisha mafuta mengi na wanga kidogo kwa siku 7, kisha wakawapa kinywaji cha glukosi gramu 75. Sukari ilipanda kuliko walivyopimwa kabla, na kwenye damu zikaonekana dalili za kuta za mishipa kuumia. Watu tisa ni wachache na siku saba ni chache, usilichukue kama hukumu. Mimi linanifundisha jambo moja: kuvunja kidogo, ukiwa umeshakula nyama na mboga kwanza, si sawa na kuvunja kwa soda na shira. Ukimaliza kula tembea dakika ishirini. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari yenyewe.

Mpenda_Ubwabwa

Swali la nyongeza tabibu. Mimi Jumatatu hadi Ijumaa keto, Jumamosi na Jumapili nakula kila kitu. Miezi mitatu uzito umegoma, na kila Jumanne kichwa kinauma vibaya. Shida nini?

FundiPampu

Mkuu, huko keto hujafika. Kurudi kwenye kuchoma mafuta kunachukua siku mbili hadi nne kwa wengi. Jumapili usiku umejaza ghala, Alhamisi ndiyo unaanza kuingia, Jumamosi unatoka. Unabeba taabu ya kuingia kila wiki na faida huioni. Kichwa cha Jumanne ni maji na chumvi vinatoka kwa wingi. Kunywa mchuzi wa mifupa wenye chumvi, kama presha yako inaruhusu. Ila kwa ratiba yako mimi ningechagua kula kawaida, nipunguze ugali uwe nusu, nifute soda, nitulie. Hutapungua polepole kuliko sasa.

MamaPacha_Leeds

Nawasalimu kutoka Uingereza. Sikutaka kuchangia ila neno kuvunja limenigusa.

Mmoja wa pacha wangu ana kifafa, ana miaka sita. Dawa mbili zilishindwa, ndipo hospitali ikamweka kwenye keto. Lishe hii ilianzia huko kwenye kifafa, mwaka 1921, Mayo Clinic kule Marekani, ndiyo hata jina lilipotokea. Kwetu kila kitu kinapimwa kwa gramu. Yai likibaki kwenye sahani nalikwangua kwa kijiko cha mpira mpaka litoke lote, kwa sababu mafuta ya kwenye sahani nayo yamehesabiwa. Dawa ya kikohozi ya maji siwezi kumpa bila kumuuliza mfamasia kama ina sukari.

Mwaka jana bibi yake alikuja kututembelea akampa biskuti moja kwa mapenzi. Usiku ule tulirudi kwenye degedege baada ya wiki kumi na moja za amani. Simlaumu bibi. Nilimfundisha, sasa ndiye mkali kuliko mimi.

Nasema hivi ili anayesoma hapa akiwa na mtoto wa kifafa asichukue maneno ya "mara moja si neno". Kwa anayepunguza uzito, pilau ya harusi itapita. Kwa mwanangu haipiti. Wala usimwanzishe mtoto peke yako nyumbani.

Chuma_Hakipindi

Mama Pacha, Mungu akutangulieni. BintiSahare, ile saa 48 naifuta, nilisema kwa ninavyojua mwili wangu.

BintiSahare

Ndugu zangu nimerudi, siku ya sita leo.

Uzito: 83.6 kwenye mzani wangu mwenyewe. Pete inazunguka. Sukari ya asubuhi 5.1, na kile kipimo cha miezi mitatu kimetoka asilimia 5.4. Nililia pale dirishani maabara, yule kijana akadhani nimepata majibu mabaya.

Desemba nimeshaongea na shangazi. Nitakula mishikaki na kachumbari kwanza, kisha pilau yake kiasi cha kiganja, na maji. Kaniuliza, "Na kaimati?" Nikamwambia moja, tutagawana. Kakubali.

Mama ndiyo habari kubwa. Usiku ule kabla ya kulala alipima, 3.6. Mdogo wangu akamkorogea sukari kama tabibu alivyoandika, ikapanda 5.2, akala mkate wa kumimina. Asubuhi akapelekwa kliniki. Daktari kamwondolea glibenklamidi, kambakisha na metformini, kamrudishia ugali wa ukubwa wa ngumi na mboga nyingi, na keto kasema wataizungumza baada ya kupima figo.

Tabibu, kama nisingeongeza ule mstari wa mwisho sijui ingekuwaje. Nampigia kila alfajiri sasa. Leo kasoma 6.8, na kanga, anasema, kavu.