Naombeni ushauri: rafiki wa mume wangu alifungua kamba yake ya usalama usiku, peke yake kwenye zamu

DiraYaUsiku
Habari zenu mabaharia.

Mimi na mume wangu tuna mwaka wa 9 tunasafiri pwani kwa boti ya matanga, wawili tu. Nahodha ni mimi. Safari hii tulimchukua rafiki yake wa tangu utotoni. Njia ilikuwa maili 140 za baharini, na kwa mwendo wetu wa maili 5 kwa saa hizo ni saa 28, kwa hiyo usiku mzima tuko majini. Mkiwa wawili mnapokezana kila baada ya saa 3, na huo si usingizi. Mkiwa watatu, unakaa saa 3 unalala 6. Nakiri hilo ndilo lililonifanya nikubali upesi.

Kabla hatujang'oa nanga nilimweleza sheria ya usiku: hutoki chumbani bila jaketi okozi, na kamba yako unaifunga kwenye pete ukiwa bado mlangoni. Akaitikia, "Sawa shemeji, nahodha ni wewe."

Zamu yake ilianza saa nane usiku. Upepo ulikuwa nyuma yetu, boti inalala huku na huku. Kesho yake, tumeshatia nanga, anatusimulia kwa furaha nyota alizoziona, akataja kwamba alikwenda hadi tezi, nyuma kabisa ya boti, kujisaidia. Kamba haikufika, akaifungua, akashika waya wa mlingoti kwa mkono mmoja. Usukani ulikuwa unajiongoza wenyewe. Nikamtazama mume wangu, akainamisha macho. Alikuwa ameamka kunywa maji, akamwona, akasubiri hadi aliporudi kukaa, kisha akalala tena. Hakuniambia neno.

Tangu hapo napiga hesabu ileile. Kwa mwendo wetu boti inaacha nyuma zaidi ya mita 150 kila dakika. Mimi ningeamka saa kumi na moja alfajiri kumpokea zamu na kukuta kiti kitupu. Angekuwa ameanguka saa ngapi? Ningegeuza boti nirudi maili ngapi, na nitafute wapi kichwa cha mtu gizani?

Tunarudi baada ya siku tatu, njia ileile. Nimnyime zamu? Na mume wangu nimwambie nini? Mpaka sasa tunazungumza mambo ya boti tu.

MkonoWaUsukani
Pole sana dada. Usimnyime, mpe zamu za mchana, na usiku akae na mmoja wenu. Ila tazama na hiyo kamba. Mtu akiona haimfikishi anapotaka kwenda, ataifungua, hata mzoefu. Tandaza kamba ndefu juu ya sitaha toka omo, yaani mbele, hadi tezi, aweze kutembea bila kufungua. Na wekeni ndoo karibu na usukani. Kujisaidia ukingoni kumewaangusha wanaume wengi.

Kilindini
Mimi sikubaliani. Huyo aliambiwa wazi, akaitikia, akavunja sheria usiku wa kwanza. Zamu ya usiku si kukaa tu. Ukiona taa nyekundu na ya kijani za meli kwa pamoja, inakujia wewe. Ikiwa maili 6 mbali nayo inakwenda maili 20 kwa saa, na nyinyi mnaielekea, mna chini ya robo saa. Je, angekuamsha, au angejaribu mwenyewe kwanza? Kama njiani pana mahali salama pa kutia nanga, gawa safari iwe ya michana miwili. Kama hapapo, rudini kwa mpango wenu wa wawili na yeye awe abiria.

TangaJeupe
Naomba niseme kwa sababu niliwahi kuwa huyo rafiki. Choo si kipo chumbani? Kwa nini hakushuka? Mimi sikushuka kwa sababu tumbo lilikuwa limechafuka, na nikiingia ndani tu natapika. Niliona aibu kusema mbele ya wenyeji wangu. Muulize kwa upole kama alikuwa mgonjwa.

DiraYaUsiku
TangaJeupe, nimemuuliza. Alitapika mara mbili kabla hata ya zamu yake. Mume wangu alijua, maana rafiki yake alimsihi asiniambie. Kwa hiyo nilimwachia boti mtu mgonjwa, mimi nikalala usingizi wa saa 6 nikijiona nimepumzika vizuri. Hilo limeniumiza kuliko ile kamba.

MamaWaOmo
Basi anza na mumeo, mwenzake asiwepo. Shukeni ufukoni, kwenye boti kila neno linasikika. Usimwulize kwa nini alimficha rafiki yake. Mwambie nahodha hawezi kupanga zamu kwa habari za uongo. Nilipoolewa na baharia ilinichukua miaka kuweza kulisema hilo bila kulia. Na huyo mgonjwa dawa ameze kabla ya kuondoka, akishaanza kutapika haikai tumboni. Akae nje, atazame upeo wa macho, mpeni na usukani. Anayeendesha huwa anapata nafuu.

DiraYaUsiku
Asanteni. Tumetembea ufukoni saa nzima. Mume wangu alisema alipomwona kule tezi aliogopa hata kumwita, asije akashtuka akateleza, na aibu ya kuogopa hivyo ndiyo iliyomfunga mdomo asubuhi. Nilikuwa sijalifikiria hilo.

Tumeamua hivi: rafiki atakaa zamu na mimi hadi saa nne usiku, kisha analala mpaka kuche. Usiku tunaubeba sisi wawili kama siku zote. Kesho tunatoka kwa saa mbili tu, tunatupa boya la ubavuni majini kana kwamba ni mtu aliyeanguka, na yeye atajifunza kulinyooshea kidole bila kuondoa macho wakati sisi tunageuza boti. Yeye mwenyewe ameomba tulirudie na usiku.

Kilindini, mahali pa kutia nanga njiani hapapo, nimeipitia ramani mara tatu. Mume wangu yuko juu sasa, anatandaza kamba mpya hadi tezi. Ameniita nikaivute kwa uzito wangu wote kabla hajakaza fundo.